Wenye vitambi mnabeba wapi kisu cha ala? Mpini unanimaliza mbavu

#1 Bonge wa Uyole
Wakuu, kamwene.

Niende moja kwa moja. Nina kilo 126, urefu wa kawaida, kitambi cha kurithi. Kazi yangu ni viazi mviringo. Napanda Ilembo, Santilya na vijiji vya huko Umalila, Mbeya, nanunua shambani, napakia. Siku nzima nakata kamba, nafumua magunia yaliyoshonwa vibaya, napasua kiazi kimoja kimoja kuona kama ndani kuna ile pete ya kahawia ya mnyauko. Visu vya kukunja nimeshaua viwili. Udongo wa kule ukiingia kwenye kiungio na utomvu wa viazi ukakaukia humo, kisu hakifunguki mpaka uombe msaada wa meno.

Sasa nimechongewa kisu kisichokunjwa na fundi chuma wa Mbalizi. Springi ya gari, makali sentimita 11, mpini wa mninga. Kisu kizuri sana. Shida ni kukibeba. Nikisimama hakuna tabu. Nikiinua mguu kupanda Canter tu, mpini unaingia kwenye nyama uzembe kama mwiko kwenye ugali. Nikikaa nusu saa, chini ya mbavu pamekuwa pekundu. Na kipindi hiki cha baridi navaa koti zito, kwa hiyo kukitoa napo ni safari.

Wenzangu wa saizi hii mnabeba wapi? Wembamba mnaruhusiwa kusoma, ila kwa adabu.

#2 Mnyalu Original
Punguza ugali. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Msitu
Kijana, usimsikilize huyo. Kosa si kitambi, ni ala. Ala nyingi zimeshonwa kwa mtu mwenye kiuno. Mtu mwembamba juu ya mkanda ana bonde, mpini unakaa humo kwa raha. Wewe juu ya mkanda una mlima, na mpini hauna pa kwenda ila kuuchimba.

Ishushe. Kitanzi cha ala kiwe kirefu, mpini wote ukae chini ya mkanda, kichwa cha mpini kisizidi ukingo wa juu wa mkanda hata kidogo. Nimepogolea misindano kwenye shamba la miti la Sao Hill miaka 19, na mwili wangu si wa kuchekwa na upepo. Kisu changu kinakaa pajani, siyo kiunoni.

#4 Dereva wa Tunduma
Mzee #3 shikamoo, ila inaonekana hujaendesha lori. Ukiishusha ala namna hiyo, ukikaa kiti kinaisukuma ncha ya ala kwenda juu, na mpini unarudi kulekule mbavuni. Umehamisha tatizo sentimita saba tu.

Mimi ni kilo 118, safari zangu ni Tunduma na Dar. Kisu changu kiko mbele upande wa kushoto, kimelala mshazari, mpini unatazama mkono wa kulia. Nikikaa kinalala juu ya paja kama mtoto. Mkanda wa gari haukigusi. Mwaka wa nne sasa. Ila siku hizi nina ganzi paja la kushoto, nadhani ni kiti.

#5 Mzee wa Msitu
Marahaba. Ala ya kushuka ziko mbili. Kuna inayoshuka ikiwa ngumu kama ubao, hiyo kweli kiti kitaisukuma. Kuna inayoning'inia kwa pete. Pete inashikwa na kitanzi cha mkanda, ala inacheza chini yake. Ukikaa inajilaza yenyewe pembeni. Wafini kisu chao cha puukko wanakibeba hivyo, na wale wanakaa kwenye matrekta na mashine za msituni siku nzima.

Ubaya wake nausema mwenyewe: ukitembea haraka inakupiga paja kama mtoto anayedai hela ya shule. Ukikimbia, usikimbie.

#6 Kijana wa Mafiati
Mnajisumbua wazee wangu. Kuna Mmarekani kwenye video, bonge kuliko nyie wote, anachukulia mwili kama uso wa saa. Anasema mtu mnene kisu kikae saa nne. Kwisha habari.

#7 Bonge wa Uyole
Nimejaribu saa nne mchana huu huu, bado niko nayo. Mkono wa kulia unavuka kitambi chote kama unavuka Ruaha kipindi cha mafuriko. Huyo Mmarekani anatumia kushoto?

#8 Kijana wa Mafiati
Hapana, anatumia kulia. Wewe umeweka wapi?

#9 Bonge wa Uyole
Saa nne, kaka. Saa nne mshale mfupi uko kwenye kumi. Kitovu ni saa sita, mshale uko juu kwenye kumi na mbili. Ukirudi nyuma hadi saa nne unafika mbele kushoto.

#10 Mwalimu Mstaafu
Hahaha, nimecheka hadi chai imemwagika. Bonge, wewe umeweka saa nne ya Kiswahili. Mmarekani anasema nne iliyoandikwa kwenye saa, ambayo kwetu ni saa kumi: kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, karibu na mfuko wa nyuma wa suruali.

#11 Dereva wa Tunduma
Kwa hiyo saa nne ya Kiswahili ndiyo yangu ya #4! Bonge umefika mahali sahihi kwa njia ya makosa. Baki hapo hapo.

#12 Mnyalu Original
Mnene wa Uyole kageuka saa ya ukutani. Saa sita kamili, kitambi kinagonga.

#13 Chuma Chakavu
Tuache utani kidogo, hapo kwenye saa kumi (ya kwetu, ile nne ya Mmarekani) pana ukweli. Nina kilo 109 na nimebeba hapo. Ukisimama ni raha, kwa sababu kitambi kiko mbele na nyama uzembe ziko ubavuni, ila pale nyuma ya nyonga hata bonge ana ka-bonde. Ila ala iwe fupi. Ikizidi urefu wa kiganja inagusa kiti. Na kwenye bodaboda usijaribu, abiria wa nyuma ataulalia mpini.

Kuna wanaokilaza kabisa mgongoni, kimelala sambamba na mkanda, saa kumi na mbili yetu. Kinapendeza, hakichomi chochote. Niliacha siku nilipoteleza kwenye tope la Igawilo nikaangukia mgongo. Kisu hakikutoka, lakini ule mpini ulinipiga uti wa mgongo nikakaa chini dakika kumi naangalia mawingu. Mtu mzito akianguka, anaanguka na uzito wake wote.

#14 Nesi wa Rungwe
Mambo wapendwa. Dereva wa Tunduma, hiyo ganzi yako ya #4 iko upande gani wa paja? Ni kwa nje, kama kiraka, na wakati mwingine inawaka kama umepakwa pilipili?

#15 Dereva wa Tunduma
Dada umejuaje? Kwa nje kabisa, ukubwa wa sahani. Nikikuna sisikii vizuri.

#16 Nesi wa Rungwe
Kuna mshipa mdogo wa fahamu unaopita mbele ya mfupa wa nyonga, pale mkanda unapokaa, unashuka kuleta hisia za ngozi ya paja upande wa nje. Ukibanwa unaleta hicho unachosema. Vitabuni inaitwa meralgia paresthetica. Inawapata zaidi watu wanene, wajawazito, na wanaovaa mikanda ya kubana, wakiwemo wenye mikanda mizito ya vifaa vya kazi. Haishiki nguvu za mguu, ni hisia tu. Mara nyingi kinachosaidia kwanza ni kuondoa kinachobana, na uzito ukipungua napo.

Wewe umeweka kisu kigumu mahali hapohapo, mkanda ukakivuta ndani, kitambi kikakaa juu yake, halafu unaendesha kutwa. Kakipumzishe wiki mbili tatu uone. Na kapime sukari, kaka. Ganzi zina sababu nyingi, mimi sikuoni hapa.

#17 Mzee wa Msitu
Binti asante kwa elimu. Ila mimi ningeanza na pochi. Madereva wanakalia pochi nene kama Biblia, nusu ya makalio iko juu, nusu chini. Ganzi haikosi.

#18 Nesi wa Rungwe
Pochi ya nyuma mzee huwa inaleta maumivu ya nyuma ya mguu. Yake iko mbele kwa nje. Lakini sikatai, anaweza kuwa navyo vyote viwili.

#19 Dereva wa Tunduma
Navyo vyote viwili, na pochi haina hela.

#20 Fundi Katambuga
Habari za humu. Mimi nashona viatu na katambuga Mwanjelwa, na ala nimeshona nyingi, za wauza nyama, wapasua mbao, hata za wazungu waliokuja kupanda mlima. Niongeze mawili, maana #3 na #4 wote wamesema nusu.

Kwanza mkanda. Nikiletewa malalamiko ya mpini kuchoma, naangalia mkanda kabla ya ala. Bonge wengi wanavaa mkanda laini wa sokoni, ule wa makaratasi yaliyopakwa rangi. Kitambi kinausukuma mkanda unapinduka, ukingo wa juu unatoka nje, wa chini unaingia ndani. Ala imefungwa kwenye mkanda, kwa hiyo nayo inapinduka. Mkanda mgumu wa ngozi nene, mbili zilizoshonwa pamoja, haupinduki. Upana sentimita nne. Kitanzi cha ala kiubane mkanda kabisa, kisiwe na nafasi ya kucheza.

Pili, upande wa mwilini. Mimi nashonea kipande cha raba nyuma ya ala, chini upande wa ncha, kinene kama kidole. Kinaisukuma ncha itoke nje... hapana, nimekosea, ngoja. Ukitaka mpini utoke mwilini, raba inakaa juu, karibu na mdomo wa ala. Ukiweka chini, ncha inatoka na mpini unaingia mbavuni. Nimewahi kumharibia mteja hivyo, alirudi na kisu mkononi, nikadhani nakufa.

#21 Chuma Chakavu
Fundi, raba juu inatoa mpini nje, sawa. Halafu huo mpini uliotoka unagonga kila fremu ya mlango. Mimi nilishamwaga ndoo ya maziwa ya watu kwa mpini.

#22 Fundi Katambuga
Kwani kabla ya kisu ulikuwa unapita milangoni bila kugonga?

#23 Mnyalu Original
Fundi kashinda. Tufunge kweli sasa.

#24 Mgema wa Kilolo
Kamweneee. Mnazungumzia kiuno kana kwamba ni lazima. Mimi ni mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, na ndiyo, bonge anaweza kugema, mianzi haipandwi kama mnazi. Kisu changu ni chembamba, kikali kama wembe, maana kila asubuhi na jioni unakata kijisilesi chembamba tu kwenye kichipukizi cha mlanzi ili kiendelee kutoa. Ukikata kinene umeua chipukizi. Kikiwa butu unakilemaza.

Sasa mimi nimeinama kutwa. Niko kwenye kichaka, nainama, nainuka, mbeta ya kukingia ulanzi mkononi. Kiunoni kisu kinachoma tumbo nikiinama, mgongoni kinanasa kwenye matawi. Nilichofanya: kamba ya mkonge begani, inapita kifuani mshazari, ala imeshonewa kwenye kamba na inakaa chini ya kwapa la kushoto, mpini chini kidogo mbele. Kitambi hakihusiki kabisa. Mabega hayana kitambi.

Nikiwa na koti la mvua kamba inakaa juu ya koti. Bonge wa Uyole, hiyo ya koti lako ndiyo dawa yake.

#25 Bonge wa Uyole
Mgema ndaga fijo, asante sana, hii ndiyo ya kwanza inayojibu suala la koti. Swali: haihami? Nikiinama gunia la lumbesa, haiji mbele ikanining'inia usoni?

#26 Mgema wa Kilolo
Inakuja ukiiacha huru. Weka kamba ya pili ndogo inayoifunga ala kwenye kitanzi cha suruali ubavuni. Na ala iwe ya kubana kweli. Ukikigeuza chini na kutikisa, kisu kisitoke.

#27 Mama Wawili
Na ile ya kuvaa shingoni kama kitambulisho? Shemeji yangu anavaa, yuko kwenye mashine ya kukoboa mahindi.

#28 Chuma Chakavu
Mwambie aivue leo. Kamba ya shingo karibu na mkanda wa mashine ni kitanzi. Kama lazima shingoni, kamba iwe ya kukatika kwa kuvutwa kidogo, na kisu kiwe chepesi. Na tukirudi kwa mabonge, kisu cha shingoni kinakaa juu ya kitambi kama kikombe kwenye meza. Kila mtu anakiona kabla hajakuona wewe.

#29 Mfugaji wa Usangu
Nyie mnateseka kwa sababu mnavaa suruali. Waangalieni Wamasai huku Mbarali. Sime ni ndefu kuliko visu vyenu vyote, na wazee wenye miili wapo. Mkanda unafungwa juu ya shuka, hauna vitanzi, hivyo unakaa mahali mwili unapotaka na siyo mahali fundi cherehani alipotaka. Ala nyembamba ya ngozi nyekundu imelala ubavuni kulia. Akikaa anaisogeza kwa mkono, hata hafikirii. Suruali inaulazimisha mkanda uwe chini ya kitambi, hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

#30 Mnyalu Original
Umasai wapi. Sisi Wahehe tulimpiga Mjerumani Lugalo 1894 bila mkanda wala suruali.

#31 Mwalimu Mstaafu
Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891, na ndipo kamanda wao Zelewski alipouawa. 1894 ni mwaka ambao Wajerumani waliiangusha Kalenga, ngome ya Mkwawa. Mnyalu Original, jina lako lina neno Original, jitahidi. Na walibeba mikuki na ngao, hakuna aliyeuliza kuhusu mpini na mbavu.

#32 Mnyalu Original
Nimekosea miaka mitatu tu mwalimu, usinichape.

#33 Bonge wa Uyole
Mfugaji umenigusa. Mkanda wangu uko chini ya kitambi, ni kweli. Nikiupandisha juu ya kitambi naonekana kama mstaafu anayesubiri kiinua mgongo, na nikikaa unashuka wenyewe.

#34 Mwalimu Mstaafu
Nimesoma hiyo.

#35 Mama Wawili
Mume wangu ni kilo 130, yuko kwenye parachichi Njombe. Tulimaliza kwa suspenda. Suruali haishuki, mkanda hauhitaji kukazwa, unabaki wa kushika ala tu. Baadaye akahamia ovaroli, nikamshonea mfuko mrefu pajani kulia, pembeni ya mshono, na ala ya plastiki ngumu inaingia humo ndani. Mpini unatokeza kidogo na kifuniko cha kitambaa. Hakuna kinachogusa tumbo.

Ila wakumbusheni waume zenu wavitoe wakifika nyumbani. Alikaa ugenini na ala ya zamani ambayo ncha yake ilikuwa imetoboka. Sofa la watu lilichanika mbele ya mchungaji.

#36 Kijana wa Mafiati
Mfuko wa pajani naunga mkono. Ila mfukoni bila ala kisiwekwe kamwe, hata kwa dakika. Na wale wanaochomeka mbele karibu na kinena, ukiinama na ala ikapasuka, mshipa mkubwa wa damu wa paja uko hapohapo.

#37 Nesi wa Rungwe
Kijana leo umeongea. Huo mshipa ukikatika hakuna muda wa kupiga simu.

#38 Mzee wa Msitu
Hakuna aliyesema kuhusu kurudisha. Kutoa kisu ni rahisi. Bonge hauoni mkanda wako. Mimi tangu 2009 sijaiona baklo yangu bila kioo. Ukirudisha kisu kwenye ala kwa kupapasa unajitafutia. Nimeona kijana amejitoboa nyama ya kiuno kwa namna hiyo, na alikuwa na haraka tu, hakuwa mlevi. Ndiyo maana mimi napenda ya pajani inayoning'inia. Naishika ala kwa mkono wa kushoto, naivuta mbele naiona, nakirudisha. Ya mgongoni ya #13 unairudishaje? Kwa imani?

#39 Chuma Chakavu
Kwa imani na ala ya plastiki yenye mdomo mpana. Nyingine ni hii ya kujitengenezea: bomba la maji la PVC, unalipasua, unalipasha moto hadi lilainike, unaweka kisu kilichoviringishwa kadibodi nyembamba, unalibana katikati ya mbao mbili. Likipoa limeshika umbo la kisu. Lipashe tu, usilichome, moshi wake ni sumu. Fanyia nje.

#40 Fundi Katambuga
Bomba linapiga kelele na linakwaruza makali. Ngozi ndiyo baba lao. Ila siyo ngozi yoyote. Ile laini ya viatu, iliyotengenezwa kwa kromu, ina chumvi zake na inakitia kisu kutu. Tafuta iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Dawa yenyewe inatoka hapa hapa Njombe, kwenye miwati waliyopanda wamisionari.

#41 Mama Wawili
Fundi, ile miwati ya Njombe ni ya kampuni ya TANWAT, ilianza 1949. Magome yanachemshwa wanatoa dawa ya kutengenezea ngozi. Siyo wamisionari.

#42 Fundi Katambuga
Nimepokea. Nilivyosimuliwa na aliyenifundisha kazi ndivyo hivyo.

#43 Nesi wa Rungwe
Huku Tukuyu ngozi ya aina zote inaota ukungu. Mvua yetu ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kisu cha baba yangu kililala kwenye ala ya ngozi ya magome wiki moja kikatoka na madoa kama chui.

#44 Fundi Katambuga
Hiyo nayo kweli dada. Kisu cha springi hakilali kwenye ala, ngozi inanyonya maji na magome yenyewe yana ukali wake. Kifutwe, kipakwe mafuta, kilale nje. Ala ni nguo ya kutembelea.

#45 Bonge wa Uyole
Mafuta ya alizeti yanafaa? Ninayo ndoo.

#46 Chuma Chakavu
Yanakauka yanakuwa gundi. Mafuta ya mgando, kidogo tu.

#47 Mtu wa Sheria
Ndugu zangu, mmejadili mbavu, sofa na Mkwawa, sheria hakuna aliyegusa. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu cha kazi shambani ni kitu kimoja. Kisu hichohicho stendi kuu saa mbili usiku, juu ya jaketi, ni maelezo mengine kituoni. Mgema na kamba yake ya kifuani apite vichakani, asipite nayo kwenye mkutano wa kampeni.

#48 Mgema wa Kilolo
Wakili, nikiingia kilabuni kisu kinabaki na mama muuzaji. Ni desturi yetu kabla ya sheria yenu. Mkangafu, ulanzi uliokolea, na visu havikai meza moja.

#49 Dereva wa Tunduma
Mizani na vizuizini mimi nakivua nakiweka kwenye kisanduku cha vifaa kabla hata hawajanisimamisha. Sijawahi kuulizwa.

#50 Mkono wa Kushoto
Mimi natumia kushoto na nina kilo 112. Haya yote nageuza tu?

#51 Mnyalu Original
Wewe soma uzi kwenye kioo.

#52 Chuma Chakavu
Kabla sijasahau, ala yoyote mnayochagua iwe na kishikizo. Niko makini. Nilikwenda choo cha shimo kijijini kwa mkwe, Mufindi. Bonge akichuchumaa, suruali ikiwa magotini, mkanda unageuka juu chini. Nilisikia *chubwi*. Kisu cha shilingi 35,000. Nilikaa pale natafakari kama nimwambie mkwe au nisimwambie.

#53 Mama Wawili
Ulimwambia?

#54 Chuma Chakavu
Mpaka leo anajua niliwahi kwenda kwake bila kisu.

#55 Bonge wa Uyole
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa, naleta ripoti ya shambani.

Nimejaribu tatu. Ya Dereva, mbele kushoto: kwenye Canter ni tamu kuliko zote, sikatai, lakini nikiinama kupasua viazi kitambi kinaukalia mpini, na nilipokumbuka ile ganzi nikaivua. Ya Mzee, kuning'inia kwa pete: niliazima pete kwenye mkoba wa mke wangu. Shambani safi. Kupanda gari safi. Kushuka gari ala ilinasa kwenye kiti nikabaki nusu nje nusu ndani, vijana wa kupakia wakaacha magunia wakaja kuangalia. Ya Mgema, kamba ya begani: juu ya koti iko vizuri kabisa, ila saa saba jua likiwaka navua koti, na kamba inabaki inasaga shingo. Mkonge mkavu huo na jasho, hapana.

Kwa sasa nachanganya. Asubuhi begani juu ya koti, mchana kwenye pete. Ala moja, vishikio viwili. Fundi Katambuga, unaweza kunishonea hiyo pamoja na mkanda mgumu wa #20? Kamba ya begani iwe pana, ya turubai.

#56 Dereva wa Tunduma
Mimi nimetoa kisu wiki sasa. Ganzi imepungua kidogo, au nimeizoea. Pochi nayo nimeitoa, kwa hiyo hatutajua nani alikuwa mwongo, nesi au mzee.

#57 Mzee wa Msitu
Alikuwa kiti.

#58 Fundi Katambuga
Bonge inawezekana, njoo Jumamosi. Ala 15,000, mkanda bei nyingine. Nitumie kipimo cha kiuno ninunue ngozi ya kutosha.

#59 Bonge wa Uyole
Juu ya kitambi au chini?

#60 Fundi Katambuga
Pale mkanda unapokaa.

#61 Bonge wa Uyole
Nikisimama ni 124. Nikikaa ni 131. Nikiwa nimeinama kwenye gunia, mke wangu amekataa kupima.